Aliyeezeka Nyumba ya Theonest

Scholastika hakuzaliwa Nyamigogo, na mama mkwe wake hakuchoka kumkumbusha. Kwao kulikuwa Kibimba, upande wa Ngara. Huku Biharamulo aliletwa na ndoa. Mumewe, Theonest, alikuwa mtu mrefu, mchapakazi, asiyesema sana, ila alikuwa na wivu wa kugawia kijiji kizima na mwingine ukabaki. Scholastika akisalimiana na mwanamume sokoni na kicheko kikamtoka, chakula cha jioni kililiwa kimya. Hakumpiga, hapana. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulimchosha Scholastika kuliko palizi.

Walikuwa na binti mmoja, Domisiana, na mtoto wa pili bado alikuwa wa mgongoni. Mama yake Theonest, Bibi Eufrazia, aliishi nyumba ya jirani, karibu kiasi kwamba akikohoa kule, huku walimjibu pole.

Zamani hawakukaa hivyo. Kila mtu alikuwa na boma lake mlimani, katikati ya migomba yake, na jirani aliuona moshi wake tu. Mwaka wa sabini na nne wakaambiwa wahamie kijijini, wakae pamoja, walime pamoja, wapate shule na zahanati na maji. Waliokubali walihama kwa miguu, waliosita walihamishwa kwa lori, na wote wakakutana palepale, kwenye mistari ya vigingi kando ya barabara. Theonest alisimamisha nyumba mbiombio kabla ya mvua. Kuezeka alikujua vizuri, alifundishwa na marehemu baba yake, lakini nyumba ile aliiezeka kwa nyasi za kuokoteza na wala hakujali, kwa sababu mkutanoni walikuwa wameshaambiwa: ndugu zangu, nyasi hizi ni za muda tu, mabati yanakuja.

Jamani, mabati hayo! Kama ahadi ingekuwa inaezeka, kijiji kile kisingevuja hata tone. Yalisubiriwa mwaka wa kwanza, yakasubiriwa wa pili, na kila nyasi zilipooza mtu alisema, ya nini kujichosha, nikiezeka leo kesho nitaezua niweke bati. Sasa, kuezeka hakusomwi darasani. Kijana anapanda na baba yake, anashika hapa, anakosea, anatukanwa, anashika tena, mpaka mkono unazoea. Baba zao walipoacha kupanda, vijana walipanda na nani? Asubuhi waliimba nyimbo za kujitegemea kwenye uwanja wa shule, na jioni walisaidia mama zao kusogeza vitanda kukwepa matone.

Na kuna jambo jingine la kusema mapema, maana bila hilo habari hii haieleweki. Huku kote, Kibimba, Nyabusozi, hata ng'ambo Burundi, kazi ya kuezeka ina watu wa juu na watu wa chini. Mwanamume yuko juu. Mwanamke anakata nyasi porini, anazibeba, anazichana, anafunga matita na kuyarusha juu. Yeye hapandi. Mwanamke akipanda paa la nyumba ya mumewe, amemtangaza mumewe kuwa maiti. Na ikiwa mume bado yu hai, basi amemwita kaburini. Padri alikemea imani hiyo kila mara. Jumapili watu walitikisa vichwa kwamba ndiyo, baba, ni ushenzi. Jumatatu hapakuwa na mwanamke juu ya paa.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane redio ya Mzee Malongo ikaanza kutangaza vita. Malongo alikuwa balozi wa nyumba kumi, na redio ile ilimpa cheo kuliko ubalozi wenyewe. Adui kavamia Kagera, kavuka mpaka, anachoma na kupora. Haukupita muda mrefu, mgambo wa kijiji wakaitwa, na Theonest alikuwa mmojawapo. Asubuhi ya kuondoka alisimama katikati ya nyumba akatazama juu, ambako mwanga ulikuwa ukipenya pasipotakiwa.

"Paa nitalishughulikia nikirudi," alisema.

"Rudi kwanza," Scholastika akamjibu.

Lori likawachukua. Barua haikuja. Redio ilisema vijana wetu wanasonga mbele, lakini haikutaja jina la mtu, na wanawake wa mstari ule walijifunza kusikiliza wakiwa wameshika kazi mikononi ili wasitetemeke.

Ikafika mvua ya masika, na hapo paa likaacha kuvuja likaanza kumwaga. Upande wa kitanda ulilowa, upande wa jiko ulilowa, na mbegu za maharage zilizowekwa darini kwa ajili ya kupanda zikaanza kuota humohumo ndani ya gunia. Mtoto alikohoa mpaka mbavu zikachomoza. Scholastika alimhamishia kila kona ya nyumba, na kila kona ilimfuata kwa maji. Nyumba ya Bibi Eufrazia nayo haikuwa nafuu, na bibi mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda Nyabusozi kumuuguza binti yake aliyejifungua vibaya.

Scholastika akaenda kwa balozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Domisiana. Mabati bado."

"Sikuja kuulizia mabati. Natafuta mtu wa kuniezekea. Nyasi nimeshakata mwenyewe."

Malongo akashika magoti yake yote mawili kana kwamba yalikuwa yanataka kukimbia. "Mimi nikipanda huko, mtanishusha kwa machela. Wenye nguvu wote wako vitani. Chukua yule Bernardo wa dukani, anakaa bure tu. Duka lenyewe halina hata kibiriti."

Bernardo alikuwa kijana mwema, aliyeachwa nyuma kulinda duka la kijiji. Alikubali mara moja, akavua shati, akapanda mbio, akakaa kileleni na kusema, haya, leteni. Scholastika chini akashtuka.

"Bernardo, anza ukingoni, huku chini."

"Mama Domisiana, wewe nipe nyasi."

"Lakini ukianzia juu..."

"Nipe nyasi, mama. Kazi ya mwanamume niachie mwanamume."

Akampa. Angefanyaje? Alikuwa mtu wa chini tangu utotoni; alimrushia matita baba yake Kibimba tangu mikono haijapata nguvu, na ingawa hakuwahi kukanyaga paa, alijua kila tita linakwenda wapi. Safu ya kwanza hulala ukingoni, ya pili huilalia ya kwanza, na kwenda juu, ndipo maji huteleza mpaka nje. Bernardo alianza kileleni akashuka, akiilaza kila safu ya chini juu ya ile ya juu yake, na kazi yake ilipendeza sana kwa mbali. Mvua ilipokuja, kila safu iliyapokea maji vizuri na kuyaelekeza ndani. Godoro lilielea, nakwambia. Bernardo aliona aibu hata akawa anapita njia ya nyuma kwenda dukani.

Siku ile Scholastika alikasirika kweli. Hakumkasirikia Bernardo. Alimkasirikia Theonest, aliyejua kazi na akakaa miaka minne kusubiri bati. Kisha akaogopa kuwa amemkasirikia mtu ambaye huenda ameshakufa, akalia, huku anakamua maji kwenye blanketi.

Jirani yake upande wa pili alikuwa Dafroza, mjane, Mrundi aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na kanga moja na mtoto tumboni. Ndiye pekee aliyemweleza wazo lake.

"Nitapanda mwenyewe."

Dafroza aliacha kupepeta. "Unasema nini wewe?"

"Umenisikia."

"Mume wako yuko mbele ya bunduki, na wewe unataka kumsaidia adui?"

"Mwanangu anakufa hapa chini, Dafroza. Huyu namwona. Yule simwoni."

Dafroza aliuweka ungo chini. Kisha akasema, "Mimi sina mume wa kumuua. Ningepanda kwa niaba yako. Lakini nina kizunguzungu, we acha tu. Nikisimama juu ya kigoda naona Burundi."

Wakacheka, na kicheko kikawatia nguvu kidogo. Lakini kijiji cha mistari hakina siri. Mtu akipenga kamasi nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanajua ni kamasi ya nani. Kwa hiyo Dafroza akaenda mlango kwa mlango kuongea na wanawake. Benedicta, ambaye mumewe alikuwa kikosi kimoja na Theonest, alipinga kabisa: akimuua wake, si atamuua na wangu? Walibishana karibu wagombane. Mwisho alikuwa Benedicta huyohuyo aliyeleta dawa. Alisema mwiko ni mwiko ukiwa na shahidi. Basi wao watakuwepo, watasaidia, ila hawataona.

Na hivyo ndivyo walivyofanya. Balozi alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kata, na mvua ilikuwa imepumzika. Wanawake wa mstari ule walitandika mikeka mbele ya nyumba ya Scholastika, wakakaa wote wakiwa wameipa mgongo, wanapukuchua mahindi na kuongea mambo ya bei ya chumvi. Tita lilipohitajika, mmoja alilipitisha kwa nyuma, juu ya bega lake, bila kugeuza shingo. Mpita njia angedhani wamerogwa.

Scholastika alipiga moyo konde akakanyaga pao la kwanza. Fito zililia chini ya uzito wake. Hakuogopa kuanguka. Alimwona Theonest mbele yake, amelala chali kwenye majani, na kila hatua aliyopanda aliona kama inamkanyaga mumewe kifuani. Alisimama katikati ya paa akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, baba Domisiana. Nisamehe." Halafu akaanza kung'oa nyasi za Bernardo, na kazi, kama ilivyo kazi yoyote, ikamchukua. Mikono yake ilijua upande mmoja tu wa shughuli ile, upande wa kutoa. Sasa ilibidi ijifunze kupokea. Tita la kwanza alilifunga likateleza likampiga Benedicta kisogoni. Benedicta hakugeuka. "Mvua ya mawe," alisema, na wenzake wakajikaza wasicheke.

Alishinda huko juu, akashuka kunyonyesha, akapanda tena. Kesho yake alimalizia kilele. Safu zake zilikuwa zimebanana, zimechanwa ukingoni zikawa sawasawa. Mvua ya mchana iliyofuata ilipiga kwa hasira zote, na ndani ya nyumba hapakudondoka kitu. Scholastika alikaa kitandani pakavu, mtoto kamlalia, akafurahi, na furaha yenyewe ikamwogopesha.

Likabaki swali la Bibi Eufrazia, aliyekuwa njiani kurudi. Mstari mzima uliketi tena kutafuta jibu, na Dafroza ndiye aliyejitolea. "Nina kaka yangu, Nzeyimana, anakaa huko Kibondo. Tuseme alipita kunisalimia, akaiona shida, akaezeka, akaenda zake." Wote wakasema hilo ni jibu. Huyo Nzeyimana alikuwepo kweli duniani, ila Nyamigogo hajawahi hata kuiota.

Bibi Eufrazia alifika, akalitazama paa, akapiga makofi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na kaka wa Dafroza, na kwa kuwa hakutaka deni la fadhila, alitoa kuku ili Dafroza amfikishie. Dafroza na mwanawe walimla kuku yule na ugali. Scholastika alipelekewa paja, hakuweza kulila, akampa Domisiana.

Kuanzia hapo kila redio ilipofunguliwa kwa Malongo, yeye hakwenda. Wenzake waliomba Mungu waume zao warudi. Yeye aliomba hivyo na akaomba pia asamehewe, na kwa muda mrefu hakujua ombi lipi litangulie. Vita vikaisha. Wengine wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na wa Benedicta akarudi kabla ya Theonest, akasema waliachana njiani, hajui. Scholastika alikonda. Watu walidhani ni mapenzi, na walikuwa sahihi nusu.

Theonest alirudi kiangazi, anatembea kwa miguu kutoka barabara kuu, amevaa koti la jeshi na amebeba mfuko mdogo. Vigelegele vilipigwa mstari mzima. Bibi Eufrazia alimkumbatia akakataa kumwachia. Scholastika alisimama mlangoni hawezi kwenda mbele wala nyuma, na Theonest alipomfikia akamwita Scholastika, jina lake la usichana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na amani ya ajabu. Scholastika aliimba jikoni. Alijiambia, kumbe! Nimepanda na amerudi, na sasa mambo yamekwisha.

Thubutu.

Theonest alikuwa amepumzika uani, kajilaza kwenye mkeka, macho juu. Akalitazama paa kwa muda mrefu. Akainuka, akazunguka nyumba, akapapasa ukingo, akaingia ndani akakagua yale mafundo. Angekuta kazi ya kulipualipua asingesema neno. Bahati mbaya, paa lilikuwa zuri.

"Nani kaezeka?"

"Kaka yake Dafroza. Nzeyimana. Alikuwa anapita."

"Anapita," Theonest akarudia.

"Muulize hata mama."

Akamuuliza mama yake, na mama akamsifu Nzeyimana kwa kinywa kipana, akaeleza na habari ya kuku, ila mwenyewe hakumwona, alikuwa Nyabusozi. Theonest akaenda kwa Malongo. Balozi naye hakumwona, lakini balozi gani atakubali kwamba mgeni aliingia kwenye nyumba zake kumi bila yeye kujua? "Nilimpokea mimi mwenyewe," akasema. "Kijana mwembamba, mweupe kidogo. Alikaa siku mbili." Theonest akampitia Benedicta kisimani. Benedicta akashtushwa na swali, akasema ni mtu mzima mnene, mwenye ndevu, alikaa kama wiki. Alilala wapi? Benedicta hakutaka kumtia jirani yake doa, akasema alilala kwa balozi. Dafroza akasema alilala kwake. Balozi, alipoulizwa mara ya pili, akafikiri akasema, nadhani hapohapo kwenye kazi.

Lo! Kila mmoja aliuleta mkono wake kumwokoa Scholastika, na kila mkono ulimzamisha zaidi. Theonest alijumlisha. Mtu mwembamba mwenye unene, wa siku mbili ambazo ni wiki, anayelala hapohapo kwenye kazi. Na mtu wa namna gani huezeka nyumba ya mwingine vizuri hivyo, bure, na kushukuriwa kwa kuku tu? Huko vitani alikuwa amewaona wenzake wakipokea habari za wake zao, na kila mara alijisifu kimoyomoyo kwamba yeye hayamhusu. Aliumia, na hilo lazima lisemwe. Aliumia kama mtu aliyetembea njia yote ile akifikiria mlango mmoja.

Akanyamaza. Alinyamaza kutwa nzima, akanyamaza na kesho yake, na siku iliyofuata asubuhi akaongea mbele ya mama yake.

"Funga mizigo. Utarudi Kibimba. Wa mgongoni nenda naye mpaka aache kunyonya, kisha nitamfuata. Domisiana anabaki hapa kwa bibi yake."

Domisiana alikuwa anafagia uani. Alisikia jina lake akainua kichwa.

Scholastika alimtazama mama mkwe. Bibi Eufrazia alikuwa ameshika kiuno, hana huruma usoni. Alikuwa ameshaanza kumdai kuku wake kwa macho.

Njia zilikuwa mbili tu, na zote mbaya. Akishikilia uongo, yeye ni malaya na mtoto ananyang'anywa. Akisema kweli, yeye ni mke aliyepanda juu ya nyumba huku mumewe yuko vitani, mke aliyemtakia mumewe kifo, na mwanamke wa hivyo hata kwao Kibimba watamfungia mlango. Dafroza alitoka mlangoni kwake akasogea. "Naapa kwa Mungu, shemeji, kaka yangu..."

"Nyamaza, Dafroza," Scholastika akasema. "Inatosha." Akamgeukia mumewe. "Hakuna mwanamume aliyekuja hapa. Nimeezeka mimi."

Theonest akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu. "Wewe?"

"Mimi."

"Mwanamke aezeke hivi? Baba yangu mwenyewe hakubana nyasi hivi. Tafuta uongo mwingine, mama Domisiana, huu hautoshi."

Hapo hasira ilimpanda Scholastika, ile ile iliyokuwa imekaa ndani yake tangu masika, na ikamsaidia. Alimshusha mtoto mgongoni akampa Dafroza. Akafunga kanga kiunoni kwa nguvu. Akakanyaga dirisha, akashika pao, na kabla mtu hajajua la kufanya alikuwa ameshapanda, mchana kweupe, mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, mbele ya mstari mzima uliokuwa unatoka milangoni. Bibi Eufrazia alipiga yowe. Benedicta alifunika uso kwa mikono, lakini vidole aliviachanisha.

Scholastika alifika kileleni akakaa. Akaingiza mkono akafungua fundo la kwanza, akang'oa tita, akalitupa chini miguuni kwa Theonest. Akang'oa la pili. Akang'oa safu, mpaka fito zikaonekana na jua likaingia ndani ya nyumba. Kisha akalichukua moja, akalichana kwa vidole, akalilaza, akazungusha kamba, akakaza kwa goti, akafunga. Hakutazama chini. Mikono ilikwenda haraka, haina wasiwasi, na yeyote aliyewahi kushika nyasi alielewa anachokiona. Theonest alikuwa amewahi kuzishika. Ule wivu ulimtoka usoni, watu wote waliuona unamtoka, na badala yake ikaja hofu. Kwa maana sasa aliamini, na akiamini, basi yule mkewe kweli alikuwa huko juu, na yeye yuko hai chini.

"Shuka!" akapaza sauti. "Scholastika, shuka! Unataka kuniua?"

Alisimamisha mikono.

"Nilishakuua, baba Domisiana. Nilikuua wakati wa masika. Nilikaa hapahapa nikikuua siku mbili, nalia, na mtoto anakohoa huko chini, na mbegu zinaoza, na wewe uliyejua kazi hukuifanya. Tangu siku ile sijala nikashiba. Kila lori lililopita nilijua linaleta maiti yako. Sasa niambie wewe mwenyewe mbele ya mama. Umekufa?"

Theonest alimgeukia mama yake.

Bibi Eufrazia ndiye aliyesogea. Alitembea polepole mpaka kwa mwanawe, akamshika mkono juu ya kiwiko, akambonyeza, kama anavyobonyeza mbuzi mnadani. Akamshika bega. Akampapasa shavu lenye ndevu za safari, akamgeuza uso huku na huku, na machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akamwachia.

"Hajafa," alisema. Akainama kwa shida, akaokota tita lililokuwa karibu na miguu yao, akampachika mwanawe kifuani. "Haya. Mpe mkeo nyasi."